Mapigo Mawili ya Kigango Chetu

Mwezi wa sita nilifunga safari ya kurudi Ufipa kwa ajili ya wimbo mmoja ambao niliujua robo tu.

Niseme kwanza kazi yangu, maana hata nyumbani wengi bado wananiuliza nafanya nini hasa huko Ujerumani. Naimba opera. Ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawazungumzi, wanaimba mwanzo hadi mwisho, bila kipaza sauti, huku wapiga vyombo wamekaa shimoni chini yao. Msinifikirie nyota. Nina mwaka wa pili katika jumba dogo la mji mdogo, na mpaka sasa nimekuwa mjakazi mara tatu, mchunga mbuzi mara moja, na mara moja nilikuwa ndege, nikaimba nyuma ya pazia bila mtu kuniona. Ndiyo mwanzo wa kazi hii. Aliyekuwa mjakazi mzuri hupewa siku moja kuwa binti wa nyumba.

Mwaka huu walinipa jioni yangu mwenyewe, mimi na mpiga piano tu, na mkuu wa muziki akaniomba nichague wimbo mmoja wa kwetu. Sikufikiri hata dakika. Nikataja wimbo wa mavuno aliotutungia Mwalimu Severini, mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, kanisa dogo la kijijini. Akasema vizuri, lete nota. Nikaleta daftari langu la zamani, na humo mlikuwa na sauti ya kwanza peke yake, do-re-mi nilizonakili kwa kalamu nikiwa na miaka kumi na miwili. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne zilikuwa kwenye madaftari ya watu wengine. Na juu ya hilo, wimbo una mwenyewe. Nilihitaji ruhusa ya Mwalimu, na mimi na Mwalimu tulikuwa na miaka tisa hatujasemezana.

Kosa lilikuwa langu. Kigangoni kwetu mwanakwaya akiondoka, iwe kwa ndoa, masomo au uhamisho, anakuja mazoezini, anamkabidhi daftari mtu atakayeshika nafasi yake, kisha kwaya inamsindikiza kwa wimbo mpaka mwisho wa uwanja wa kanisa. Hata waliogombana na Mwalimu walisindikizwa. Mimi nilipata habari ya nafasi ya kusoma muziki Dar es Salaam siku tano kabla ya upadrisho wa kijana wa kwetu, misa ambayo tuliifanyia mazoezi tangu Kwaresima, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza sauti ya kwanza kwenye wimbo wa mavuno. Niliogopa Mwalimu angeniambia nisubiri Jumapili ipite, na nafasi ingepotea. Basi nikaondoka Jumatano alfajiri, na daftari likiwa ndani ya begi. Sikuaga mtu isipokuwa mama.

Safari ya basi kutoka Dar ilinichukua siku mbili. Nililala Mbeya, na kesho yake asubuhi tukashika njia ya Tunduma. Pale malori yamepanga foleni kuelekea Zambia, sisi tukakata kulia, na kuanzia hapo nikaanza kuvijua vitu. Baada ya Laela uwanda ulifunguka wote. Nyasi zimekwisha kuwa rangi ya dhahabu, mikaratusi imesimama mistari mistari, ng'ombe wanavuka barabara bila haraka, na upepo wa Juni unapenya kwenye kila nafasi ya dirisha. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alinitazama nilivyojikunyata akauliza, "Wewe si wa huku?" Nikamwambia ni wa huku. Akacheka, akanifunika nusu ya shuka lake. Niliona aibu, maana ninakoishi theluji inafika magotini.

Saa kumi alasiri niliingia Sumbawanga. Mama sasa anaishi Izia, pembeni kabisa, ambako nyumba zinaishia na mashamba yanaanza. Aliniandalia ugali wa ulezi na samaki wa ziwani, migebuka, nikala mpaka nikashiba. Nilimweleza nilichokuja kutafuta. Aliondoa vyombo, akarudi kukaa.

"Mwalimu hajawahi kunilaumu," akasema. "Tukikutana anauliza habari za ng'ombe. Wewe hakutaji."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Ndiyo maana nakwambia uende polepole."

Ijumaa asubuhi nilikwenda mjini kutafuta usafiri na zawadi. Duka la Mzee Salumu lipo palepale, kwenye kona ileile, na yeye mwenyewe yupo kwenye kiti kilekile, ila ndevu zimekuwa nyeupe. Ni yeye aliyekuwa akituuzia madaftari ya kwaya, na kila mwaka alimwongezea Mwalimu moja la bure, Mwislamu yule kwa kwaya ya Wakatoliki. Nilimwamkia, akaniitikia huku akinichunguza juu ya miwani.

"Editha. Nimesikia huko Uzunguni wanakulipa kwa kupiga kelele."

"Wananilipa, mzee."

"Basi dunia imekwisha. Mimi watu wa nyumba hii wananipigia kelele bure kila siku." Akanifungia sukari, sabuni na blanketi zito. Kisha akamwita mwanawe Hamisi, aliyekuwa anapakia Fuso ya bidhaa za kupeleka Kasesya mpakani, akamwambia ampandishe dada mbele.

Hamisi alikuwa mchangamfu, na barabara nzima alitaka niimbe. "Dada, kidogo tu. Niwaambie washikaji nimembeba mwanamuziki." Tulipokuwa tunateremka kwenye bonde moja nikamwimbia sauti moja ya juu, ile ya ndege wa nyuma ya pazia. Alipunguza mwendo, akaangalia kioo cha pembeni. "Poa sana," akasema baada ya kufikiri. "Lakini nilidhani ni breki." Tulicheka mpaka Matai, na pale tukaachana, yeye akaendelea na njia yake, mimi nikachukua bodaboda ya kwenda kijijini.

Njia ya kijijini ni ya vumbi jekundu, na kila kilima kilinikumbusha kitu. Hapa ndipo tulipokuwa tukivua viatu ili tusivichakaze kabla ya misa. Hapa ndipo Yusta, rafiki yangu wa sauti ya pili, alipoangusha chupa ya mafuta ya kula tukalia wote wawili. Sikutegemea kuumwa na kumbukumbu ndogo namna ile. Nilimwomba kijana wa bodaboda aende taratibu, akadhani naogopa mwendo.

Mwalimu nilimkuta uani, yeye na mkewe, wanapura ulezi kwa fimbo juu ya sakafu ya udongo. Amekonda. Shati lake ni lilelile la vifungo mpaka shingoni. Niliweka mizigo chini, nikapiga magoti na kugonga viganja taratibu, kama wanawake wa kwetu tunavyowaamkia wakubwa, na nikaendelea kugonga maana hakuitika. Fimbo yake ilipanda na kushuka mara kadhaa. Mkewe alisimamisha ya kwake akamtazama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema mwishowe. "Hapo ulipopiga magoti kuna ulezi. Utaukanyaga."

Nilihama. Mkewe akanipa fimbo yake, akaenda kuwasha moto. Tukapura, mimi na Mwalimu, kwa muda ambao sikuupima. Miaka miwili nimefundishwa na walimu wa gharama namna ya kupumua kwa tumbo, lakini mchana ule nilitweta kama mzee. Aliona, akaendelea kupura. Jua lilipoegemea, akakaa kwenye gogo na mimi nikamweleza yote: jioni yangu, mpiga piano, wimbo wake, sauti tatu nisizokuwa nazo. Nikamwomba radhi kwa ile Jumatano. Nilikuwa nimeiandaa hotuba hiyo tangu kwenye ndege, lakini ilitoka vipande vipande.

"Daftari unalo?" akauliza.

Nikalitoa kwenye begi, nikampa kwa mikono miwili. Alilifungua, akapitisha kidole kwenye mistari yangu ya kitoto, akalifunga.

"Kesho ni mazoezi, saa nane. Njoo uimbe na wenzako. Habari ya kukupa au kutokukupa wimbo tutaongea baadaye."

Usiku ule nililala kwa Yusta, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu na bado ndiye nguzo ya sauti ya pili. Nilimwambia kwa uwazi kwamba naogopa. Akaniambia hata yeye angeogopa, kisha akalala fofofo.

Jumamosi saa nane tulikusanyika kanisani. Nusu ya kwaya siwajui, ni vijana waliokuwa wanafundishwa kusoma wakati mimi naondoka. Wananitazama kwa kujiiba. Mimi nilijiambia jambo moja: usiwafunike. Sauti ya opera imefundishwa ishinde shimo zima la vyombo, na kigangoni kwetu ni utovu wa adabu kuimba mpaka jirani yako asijisikie. Jambo la pili, niliamua kuhesabu mapigo vizuri. Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani nilikaripiwa kila siku kwa kutohesabu. Nilikuwa nikipenda sauti fulani naing'ang'ania, na kiongozi wa muziki alikuwa akigonga kijiti mezani na kuniambia kwamba hakuna mtu hata mmoja humu ndani atakayenisubiri. Nililia vyooni zaidi ya mara moja. Lakini nikajifunza, na leo kuhesabu ndiyo sifa yangu.

Mwalimu akainua mkono, tukaanza wimbo wa mavuno. Nilikuwa nimesahau jinsi unavyoanza, chini kabisa, sauti ya nne peke yao kama watu wanaoongea wakitoka shambani. Kisha sisi. Nywele zilinisimama. Tukapanda mpaka kwenye neno "tumevuna", pale juu, nikaikata sauti palepale ilipoandikwa, nikaingia na "asante" kwa wakati wake, safi, bila kosa.

Niliingia peke yangu. Kanisa zima lilikuwa kimya. Watu ishirini na zaidi walikuwa wamesimama wamefunga midomo, wanamtazama Mwalimu, na mkono wa Mwalimu ulikuwa juu, haujashuka. Halafu ukashuka, na wao ndiyo wakaingia na "asante". Mabinti wawili wa mbele walicheka wakiziba midomo kwa mikono.

"Tena," akasema Mwalimu.

Tulirudia, na tena nikajikuta peke yangu. Nikaomba nione daftari la binti aliyesimama kando yangu. Nota ni zilezile za kwangu, lakini baada ya "tumevuna" kulikuwa na msalaba mdogo wa penseli. Nikachungulia la mwingine, na la mwingine. Wote walikuwa nao.

"Huu ni nini?" nikamwuliza binti yule.

"Hapa tunasubiri," akajibu.

"Mnasubiri nini?"

Akamtazama Mwalimu kama mtu aliyeulizwa swali la katekisimu asilolijua. "Ndivyo ulivyo, dada. Mapigo mawili. Tumeukuta hivyo."

Mwalimu aliwaruhusu watu wapumzike, akatoka nje. Yusta akanivuta pembeni, kwenye benchi la nyuma. Alinieleza bila kupamba, na mimi nilisikia maisha yangu mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kumbe nilipokuwa mdogo sikuwa najua kuhesabu hata kidogo. Nikifika pale juu nilikuwa naishikilia sauti kwa utamu wake, mapigo mawili zaidi ya ilivyoandikwa, na Mwalimu, badala ya kunikaripia, alisimamisha kwaya yote inisubiri. Miaka sita waliimba hivyo.

"Siku ya upadrisho wewe haupo," akasema Yusta. "Tukaimba mpaka 'tumevuna', sisi wengine tukaishia pale, hatuna pumzi yako. Mwalimu akazuia mkono kama kawaida. Mkono ulishazoea. Tukasimama kimya mbele ya Askofu, mapigo mawili, tunakusubiri na haupo. Jumapili iliyofuata vilevile. Wakaja wapya, wakauliza, wakaambiwa weka alama hapo tunasubiri."

"Na hakuna aliyemwambia aache?"

"Nani amwambie Mwalimu?"

Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba niliondoka na begi moja na daftari moja. Nilitoka nje nikamkuta Mwalimu ameegemea ukuta wa kanisa upande wenye jua. Nilitaka kupiga magoti tena, akanizuia.

"Mwanzoni nilifikiri utakuja Pasaka," akasema, akiangalia mashamba. "Halafu nikafikiri Noeli. Baadaye nikaona haya kuwaambia watu kwamba ule haukuwa muziki, nilikuwa namsubiri mtu. Mwalimu mzima."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nilikusamehe zamani. Ila mtu ambaye hajaagwa ni kama bado yupo njiani. Utamfungiaje mlango?" Akanigeukia. "Leo umeimba sawasawa kama nilivyoandika. Nimefurahi, wamekufundisha. Lakini kesho kwenye misa ishikilie, mapigo yako mawili. Ya mwisho."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, kwa kuwa watu walileta matoleo ya mavuno: madebe ya mahindi, ulezi, kuku wamefungwa miguu. Tuliimba wakati wa kuyapeleka altareni. Nilipofika kwenye "tumevuna" nikaishikilia. Sikuimba kwa sauti ya jukwaani, niliimba kwa ile niliyokuwa nayo kabla sijafundishwa, nikaona kumbe haijaenda popote. Wenzangu walisimama wakanisubiri. Mkono wa Mwalimu ulikuwa juu. Mapigo mawili ni muda mfupi sana, chini ya kupiga chafya, lakini nawaambia kweli, sijawahi kupendwa kwa urefu ule.

Baada ya misa Mwalimu hakuturuhusu kuondoka. Alitoa kifutio mfukoni, akafuta msalaba kwenye daftari lake kwanza, kisha akakipitisha. Mmoja baada ya mwingine walifuta, na waliotia kwa kalamu walikwangua kwa wembe. Vijana walifanya kama kazi nyingine yoyote. Yusta alifuta huku anajifuta machozi. Langu halikuwa na cha kufuta, maana sikuwahi kuwepo wakati wa kusubiri. Mwalimu akamkabidhi daftari hilo binti wa mstari wa mbele, mmoja wa wale waliocheka, na mimi akanipa karatasi nne za mwandiko wake, sauti zote nne, na chini ameandika jina lake na kijiji.

"Ukaimbe kama ulivyoandikwa," akasema. "Na sisi tutauimba hivyohivyo."

Wakanisindikiza kwa wimbo mpaka mwisho wa uwanja, kama inavyotakiwa, nikiwa nimechelewa miaka tisa. Walipofika kwenye mpaka walisimama, mimi nikaendelea. Kwa desturi yetu anayesindikizwa hageuki nyuma, na mimi sikugeuka, ingawa shingo iliniuma kwa kujizuia.

Safari ya kurudi sina mengi ya kuisimulia. Mama alinifungia unga wa ulezi ambao ulinitaabisha kuueleza uwanja wa ndege. Nilijiona mwepesi na mpweke kwa pamoja. Nilikwenda nikidhani naomba wimbo na msamaha, na vyote nilipewa. Ambacho sikukijua ni kwamba kuagwa kuna pande mbili. Anayeaga anapata ruhusa ya kwenda, na wanaobaki wanapata ruhusa ya kuacha kumngoja. Miaka tisa niliwanyima wenzangu haki hiyo, na nilipowapa, mimi ndiye niliyepungukiwa.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye chumba changu cha mazoezi, Yusta akanitumia sauti aliyoirekodi kwa simu kanisani. Kuku wanasikika, mtoto analia, kisha sauti ya nne wanaanza chini kabisa. Nikaweka simu juu ya piano, nikasimama, nikaimba nao. Tukapanda pamoja mpaka "tumevuna". Waliikata palepale ilipoandikwa, wakaingia na "asante" kwa wakati wake, safi, bila kosa, na wakaendelea na safari yao. Mimi nilikuwa bado nimeishikilia.